Ijumaa Temeke Ilipobaki Tupu

Yustina alifika Temeke mwaka wa arobaini na nane akitokea Lukuledi, kule Masasi. Alikuja na mumewe, kitanda cha kamba, na Kiswahili cha kanisani. Kiswahili cha kanisani kinatosha kusali. Hakitoshi kujibizana na mwanamke aliyekupita kwenye foleni ya bomba na kutia ndoo yake mbele yako kama vile hukuwepo.

Kwao walizungumza Kimakua, na ulimi wa Kimakua haukumpa raha mjini. Akitaka kusema "dada", ilitoka "tata". "Bado" ikawa "pato". Wanawake wa bombani walicheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja akawa anamwita "Tata Pato" hadharani. Yustina akaamua kunyamaza. Alichota maji, akapika, akafua, akamngoja mumewe arudi kutoka bandarini ndipo afungue kinywa.

Mumewe, Albano, alikuwa kuli. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua pa kuiweka akikaa mbele ya wageni. Walipanga chumba katika nyumba ya Tatu binti Mwishehe, Mzaramo wa hapohapo, mjane mwenye ulimi mkali na moyo wa karibu. Bi Tatu ndiye aliyegundua kwamba mpangaji wake anajua kusuka nywele kuliko msusi yeyote wa mtaa ule. Alimkalisha barazani, akamwita jirani mmoja, akamwita na wa pili. Baada ya miezi michache, mkeka wa Yustina ulikuwa haukosi mtu.

Lakini bado alikuwa hasemi. Aliyemfundisha kusema hakuwa Bi Tatu wala Albano. Alikuwa Mwinjuma.

Nyie mliozaliwa baadaye hamumjui Mwinjuma. Alikuwa mwimbaji wa dansi, mtoto wa Kinondoni, na katika miaka ile hapakuwa na sauti iliyopendwa mjini kama yake. Walimpeleka Nairobi wakarekodi sauti yake kwenye santuri, na santuri zile zikarudi Dar es Salaam zikasambaa kila penye gramafoni. Kwenye kona ya mtaa wa akina Yustina palikuwa na hoteli ya chai ya Mmanga mmoja, Mwarabu wa Omani, na Mmanga yule kila ikifika alasiri aliitoa gramafoni yake mlangoni, akaiweka juu ya kreti, akaicheza mpaka magharibi.

Waimbaji wengine walikimbiza maneno. Mwinjuma aliyavuta polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayemlisha mtoto uji na kumngoja ameze. Yustina, mikono yake ikiwa kichwani kwa mtu, alisikiliza na kurudia kimoyomoyo, kisha midomo ikaanza kutikisika, kisha siku moja sauti ikatoka yenyewe:

*Ukija kwangu njoo na mkeka,*
*kiti changu kimevunjika.*

Alisema "changu" bila kosa, si "chanku". Bi Tatu alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo.

"Hebu sema tena."

Akasema tena. Bi Tatu akapiga kigelegele peke yake, mchele ukamwagika.

Tangu hapo Yustina akasuka akiimba. Watu walikuja kwa mikono yake na wakakaa kwa sauti yake. Bombani hakuitwa tena Tata Pato, na hata yule mwanamke aliyempa jina hilo alikuja kusukwa, akainamisha kichwa kati ya magoti ya Yustina kama wengine.

Albano hakuwa mtu wa dansi. Lakini Jumamosi moja Mwinjuma na bendi yake walipopiga Ilala, alimchukua mkewe wakaenda. Mlangoni Albano akatazama viatu vya waliokuwa wanaingia, akatazama vyake, akamshika Yustina mkono wakazunguka nyuma ya ukumbi. Palikuwa na dirisha lililo juu. Akatafuta sanduku tupu, akaligeuza, akampandisha mkewe juu yake. Na kwa sababu ardhi ya pale ilikuwa mchanga na sanduku linayumba, akalikanyagia kwa mguu upande mmoja na kulishika kwa mikono upande wa pili, akabaki ameinama hivyo hivyo.

Yustina akamwona Mwinjuma. Alikuwa mtu mdogo, mfupi kuliko mpiga gitaa wake, anatokwa jasho, leso nyeupe mkononi. Akishangaa kwamba sauti yote ile inatoka kwa mtu kiasi kile, alisahau kabisa kwamba chini yake kuna mtu ameinama. Alipokumbuka na kutazama chini, Albano akamuuliza:

"Unaona vizuri?"

"Naona. Panda na wewe uone."

"Mie nasikia," alisema Albano. "Inatosha."

Hawakubahatika kupata mtoto. Hilo liliwauma, lakini hawakulaumiana.

Mwaka wa hamsini na tatu kifua kilianza kumsumbua Albano. Hospitalini alipewa dawa ya chupa, akanywa, akapata nafuu, akarudi kazini, akakohoa tena. Gaspar, rafiki yake wa genge la makuli, alikuwa anambebea mzigo wake kwa siri pale msimamizi alipogeuza uso. Ikafika wakati hata siri hiyo haikutosha, na Albano akabaki nyumbani, anakaa ndani karibu na dirisha la barazani ili asikie mazungumzo ya wanawake mkekani.

Mazungumzo ya mkekani hayakuwa na mpango. Siku moja wakiwa wamekaa, mmoja anasukwa na wengine wanangoja zamu, Bi Tatu akauliza swali lake.

"Hivi nyie, katika hawa watu wenye majina, akifa nani ndio mji utalia zaidi?"

"Bi Tatu, hebu acha uchuro!"

"Uchuro gani? Si kila mtu atakufa? Mie nauliza tu."

Wakaanza kubishana. Mmoja akamtaja golikipa mmoja aliyekuwa anasifiwa kwamba mpira unamwogopa. Mwingine akasema hapana, ni yule bibi wa taarabu, kwa sababu hakuna mwanamke mjini ambaye harusi yake haikuimbwa naye. Mwingine akamtaja sheikh wa mtaa wa pili, wakamwambia sheikh hatuhesabu, sheikh ni sheikh.

"Na wewe Yustina?"

Yustina alikuwa ameuma uzi mweusi kwa meno. Akautoa.

"Mwinjuma," akasema. "Akifa Mwinjuma, mie nitalia mpaka sauti ikatike."

Wakacheka, maana walijua. Ndani, nyuma ya dirisha, Albano naye alicheka, kikohozi kikamkamata, na Yustina akainuka kumpelekea maji.

Albano alifariki Ijumaa moja ya mwezi wa saba, alfajiri, adhana ikisikika kwa mbali. Aliomba ainuliwe akae, Yustina akamwinua akamwegemeza kifuani kwake, na hapo hapo kichwa kikalala begani. Alikaa naye hivyo muda, akidhani amesinzia.

Kilio chake kilimleta Bi Tatu, na Bi Tatu akaleta mtaa. Kabla jua halijapanda, mikeka ilikuwa imetandikwa uani, wanawake wamejifunga kanga, wengine wanateka maji, wanaume wamekaa nje barazani. Gaspar akaja mbio, akalia kwa uchungu bila kujificha, kisha akajifuta uso akaanza kazi: kumwarifu padre, kumwona fundi seremala kuhusu jeneza, kutafuta vijana wa kuchimba kaburi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama inavyopasa. Yustina aliketi katikati ya wanawake, ameegemezwa huku na huku, na katika uchungu ule alihisi amezungukwa.

Ndipo mtu akapita njiani anapiga kelele.

Mwanzoni hawakusikia vizuri. Kisha wakasikia. Usiku uliopita bendi ilikuwa inarudi kutoka Bagamoyo kwa lori, na karibu na mto Mpiji lori likaacha njia na kupinduka. Wengine wamevunjika. Mwinjuma amekufa. Maiti imeshafika Kinondoni, kwa mama yake, na atazikwa leo baada ya sala ya Ijumaa.

Waliokuwa wanateka maji wakatua ndoo. Mwanamke mmoja akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ukelele ule haukuwa wa Albano.

Hakuna aliyeondoka kwa ubaya. Hilo Yustina alilisema kila alipoisimulia habari hii. Wa kwanza alimshika mkono, akasema, "Shoga, ngoja nikachungulie tu, narudi sasa hivi." Wa pili alisema amekumbuka mtoto. Wa tatu hakusema kitu, alifunga kanga yake vizuri akapita pembeni ya ukuta. Nje, wanaume walisimama makundi makundi. Lori la mtu fulani lilikuwa linabeba watu bure kwenda Kinondoni. Likasimama kwenye kona, honi ikalia, na baraza ikabaki na mikeka mitupu.

Ilipofika adhuhuri Temeke yote ilikuwa tupu. Maduka yamefungwa. Bombani hapakuwa na ndoo hata moja. Gaspar alirudi ametota jasho.

"Fundi seremala hayupo," alisema. "Kafunga. Kaenda Kinondoni. Na wale vijana wa kuchimba nao wameenda."

Bi Tatu alikuwa amekaa pale pale alipokaa tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu, na Yustina alijua si kwa ajili ya Albano peke yake, maana Bi Tatu alimjua Mwinjuma tangu mtoto. Mama zao walikuwa na udugu wa mbali.

"Nenda na wewe, dada Tatu," alisema Yustina. "Ni ndugu yako."

"Mwinjuma ana mji mzima," alisema Bi Tatu. "Albano ana sie. Nyamaza."

Kisha akamgeukia Gaspar. "Jeneza linatengenezwa kwa mbao. Mbao zipo. Kabati langu lile, livunje."

Gaspar alilivunja kabati. Mbao zake hazikutosha, kwa kuwa Albano alikuwa mrefu. Akaenda chumbani kwake, akang'oa mlango wake mwenyewe, akaubeba kichwani akaja nao. Alipiga misumari uani mchana kutwa, pamoja na makuli wawili ambao hawakujua Kiswahili cha kutosha kupenda nyimbo za mtu. Baadaye Gaspar aliishi na kanga mlangoni muda mrefu, na mtu akimuuliza alisema fundi anakuja kesho.

Yustina alikaa ndani na maiti. Alikuwa halii tena. Na katika kimya kile, kutoka kwenye kona, akasikia sauti anayoijua kuliko sauti ya mtu yeyote duniani. Mmanga hakufunga hoteli. Alikuwa ameitoa gramafoni mapema, na watu wachache waliokosa lori walikuwa wameizunguka, wanalia, na santuri ikiisha wanamwomba airudie. *Ukija kwangu njoo na mkeka.* Ikaisha, ikaanza tena. *Kiti changu kimevunjika.*

Sauti ile ilimkata mara mbili. Alitaka kumlilia mwenye sauti, na hakuweza kwa sababu mumewe amelala mbele yake. Akataka kumlilia mumewe, sauti ile ikamwingia katikati. Akainuka. Akatoka kichwa wazi, miguu mitupu, akaenda mpaka hotelini.

"Mzee, nakuomba uzime."

Mmanga alimtazama, akainua sindano. Mtu mmoja kati ya waliokaa akakasirika.

"Wewe mama, kwani hujui nani kafa?"

"Najua," alisema Yustina. "Wewe ndiye usiyejua."

Akarudi nyumbani. Nyuma yake gramafoni haikulia tena siku ile.

Walimzika Albano Jumamosi asubuhi. Kaburi alilichimba Gaspar na wale wenzake. Padre alisoma, watu wakaitikia kwa sauti chache. Jeneza lilikuwa zito na wabebaji hawakuwa na wa kuwapokea, hivyo walilitua njiani mara kwa mara, na Bi Tatu, Mwislamu wa watu, akafunga kibwebwe akashika upande mmoja pale njia ilipopanda. Walipokuwa wamelitua, lori likapita limejaa watu waliolala Kinondoni matangani. Walikuwa wamechoka, sauti zimewakauka. Mwanamume mmoja alivua kofia. Wengine hawakuona, vumbi likawafunika.

Baada ya hapo watu walirudi mkekani. Walikuja na pole zao na walikuja na aibu.

"Tulikuwa Kinondoni, shoga. Si unajua tena."

"Najua."

Aliwasuka. Hakuimba. Wakati mwingine mtu alianza kuimba wimbo wa Mwinjuma kwa kujisahau, na mikono ya Yustina ikasimama mpaka yule mtu akakumbuka. Alimchukia Mwinjuma. Alimwambia Bi Tatu wazi, jioni moja wakichambua mboga.

"Kaniibia msiba wangu."

"Maiti haiibi, mdogo wangu."

"Kaniibia. Na kinachoniuma zaidi unakijua? Kama Albano angekuwa mzima, na mjane angekuwa mwingine, mie ningekuwa wa kwanza kupanda lile lori. Ningemwacha mwenzangu mkekani na maiti yake. Nisingegeuka hata nyuma."

Bi Tatu akaendelea kuchambua mchicha.

Arobaini ya Mwinjuma ilipofika, Bi Tatu alikwenda Kinondoni. Alimwomba Yustina wafuatane, Yustina akakataa. Juma lililofuata, asubuhi, mwanamke mzee mwembamba aliyevaa buibui lililopauka alisimama mbele ya baraza, fimbo mkononi, anatweta. Alikuwa amekuja kwa basi na kupotea njia mara kadhaa.

"Hodi hapa. Ndio kwa Yustina, mke wa marehemu Albano?"

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mie naitwa Mosi. Mama yake Mwinjuma."

Yustina alikuwa amempakata mtu kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Yule mteja aliinuka mwenyewe bila kuambiwa, akaondoka hivyo hivyo. Bi Mosi akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mguu uliokuwa unamuuma.

"Tatu ameniambia," alisema. "Mie sikujua. Nimekuja kutoa pole. Watu waliokuwa wamzike mumeo walikuwa kwangu. Nimekuja badala yao."

Yustina alijifunika uso kwa kanga. Yule mzee akamngoja.

"Pole na wewe, mama," alisema Yustina mwisho. "Wewe ulizikiwa na mji mzima."

"Mji mzima," alirudia Bi Mosi. "Basi nikuambie, mwanangu, maana sijamwambia mtu. Siku ile walijaa hata mie sikuliona jeneza likitoka. Nilisukumwa nikaanguka jikoni kwangu mwenyewe. Wanawake nisiowajua walikuwa wanazimia mbele yangu, mie mamake nikawa nawapepea. Mmoja aliniuliza, 'Bibi, na wewe ulimjua?' Nikamwambia nilimjua kidogo."

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Na walipomaliza, wakaondoka wote kwa mara moja. Hawana kosa. Walimlilia wa kwao. Yule wa kwangu mimi hawakumjua. Wa kwangu alikuwa anaogopa jogoo mpaka ana ndevu." Akacheka kidogo, kisha akamtazama Yustina usoni. "Na wako? Alikuwaje?"

Tangu kifo cha Albano hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Waliuliza aliugua nini, alikufa saa ngapi, na je atarudi kwao Masasi. Yustina alifikiri ataanza na ugonjwa, akashangaa kujikuta ameanza na lile sanduku la Ilala. Akasimulia dirisha, mchanga, na jinsi Albano alivyoinama akalishika ili lisiyumbe, na jinsi yeye juu yake alivyomsahau. Akasimulia jinsi mumewe alivyokuwa hajui pa kuiweka mikono yake. Akasema mambo ambayo hakujua kwamba anayakumbuka. Jua likahama barazani, wakahama nalo, mkeka wakauvuta kivulini.

"Kwa hiyo ulikuwa unapanda sanduku kumtazama mwanangu," alisema Bi Mosi.

"Ndiyo, mama. Mie nilijifunza kusema kwa nyimbo zake."

"Mie sijazisikia."

Yustina hakuelewa.

"Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Dansi ilikuwa haiingii nyumbani kwetu. Mwinjuma alikuwa akifika mlangoni anaacha nyimbo zake nje kama viatu, kwa heshima. Alinijengea chumba, alininunulia kitanda, lakini kuimba mbele yangu, hapana. Na mie sikumuomba. Sasa nasikia watu njiani wanasema, sauti ile, sauti ile. Mie ya kwake ninayoijua ni ya kuomba maji." Akaigusa mikono ya Yustina. "Tatu anasema wewe unazijua zote. Niimbie mmoja, mwanangu. Kama huwezi, basi."

Yustina alidhani hawezi. Hakuwa ameimba tangu ile Ijumaa. Alianza chini sana, akakosea, akaanza upya. Bi Tatu, aliyekuwa mlangoni muda wote, akaketi kizingitini. Yustina akauvuta wimbo polepole kama alivyofundishwa, neno na neno, mpaka pale kwenye mkeka na kiti. Bi Mosi akapiga paja.

"Kumbe! Kiti kile changu! Alikivunja mwenyewe, alipanda juu yake akimkimbia jogoo!"

Wakacheka watatu, kisha Yustina akaanza kulia. Alimlilia Albano. Alimlilia na Mwinjuma, maana hakuona tena sababu ya kumnyima machozi mmoja ili kumpa mwingine. Bi Mosi alimshika kichwa na kukilaza kwenye mapaja yake, akawa anamtomasa nywele zilizokuwa hazijasukwa tangu msiba. Alilia mpaka adhana ya alasiri.

Kuanzia siku ile walikuwa mtu na mama yake. Mwezi mmoja Yustina alikwenda Kinondoni, mwezi mwingine Bi Mosi alikuja Temeke. Nyimbo zilikwisha, wakarudia. Mzee alikuwa mgumu kuridhika: "Hapo ametia chumvi, hatukuwa na mbuzi sie."

Lakini Yustina hakuishia kwenye kuimba. Alizungumza na Bi Tatu, wakaita wanawake wa mtaa, na wale waliokimbilia Kinondoni ndio waliokuja wa kwanza. Wakaunda chama cha kuzikana, Waislamu na Wakristo pamoja. Kanuni kubwa ilikuwa moja: akifa mtu wa mtaa wetu, sie hatubanduki mpaka azikwe, hata kama mjini amekufa mfalme. Wengine waliona ni jambo dogo la wanawake. Mwaka uliofuata alikufa mzee mmoja mchoma mkaa, hana mke wala ndugu, na baraza yake ilijaa kanga tangu alfajiri mpaka jioni. Gaspar alitoa mbao, safari hii za fundi.

Msalaba wa Albano ulikuwa wa mti mwepesi, na mchwa wakaula. Mvua za mwaka wa hamsini na tano zilipokwisha, Yustina akapata mpya wa mninga, akaenda makaburini na Gaspar kuusimika. Bi Mosi, aliyekuwa anakuja Temeke kwa zamu yake, aliwakuta njiani akasema naye anakwenda. Wakamwambia ni mbali na mguu wake unauma. Akawapita, fimbo inagonga.

Gaspar alichimba shimo, akauingiza msalaba, lakini ulikuwa unalala upande, na alihitaji mikono miwili ya kushindilia udongo. Bi Mosi akaweka fimbo chini, akaushika msalaba kwa mikono yote miwili, buibui lake limejaa tope pindoni.

"Umenyooka?" aliuliza.

Yustina akarudi nyuma hatua chache, akatazama.

"Kidogo kushoto, mama. Hapo. Hapo hapo."

Gaspar akashindilia. Kisha wakakaa chini ya ukuta kumpumzisha mzee mguu, wakala mihogo ya kuchemsha aliyoifunga Bi Tatu, wakazungumza habari za mvua, kwamba mwaka ule zilikuwa nzuri na mpunga wa Yombo utakuwa mwingi. Jua lilipopungua ukali wakainuka, Yustina na Gaspar wakamweka Bi Mosi katikati yao, wakarudi Temeke pole pole.